Theluji ya Magharibi Inavyofunga Shule za Mashariki

Theluji ikianguka usiku kaskazini mwa Virginia, Marekani, mzazi wa Ashburn anaweza kuamka akakuta lami ya mtaani kwake imeshasafishwa, na bado akapokea ujumbe kwamba leo hakuna shule. Sababu iko upande wa pili wa kaunti ya Loudoun, kwenye barabara za udongo na changarawe chini ya milima ya Blue Ridge, ambako basi la shule likiteleza hakuna wa kulivuta upesi. Mashariki ni vitongoji, magharibi ni mashamba, lakini bodi ya shule ni moja.

Mwaka 1990 Loudoun ilikuwa na watu wapatao 86,000. Sensa ya 2020 ilihesabu 420,959. Mashamba yaliyo karibu na Washington yaligeuka mitaa ya nyumba, na kila mtaa ukadai madarasa. Sasa shule za umma za kaunti zina wanafunzi takriban 80,000, na karibu robo yao wana asili ya Asia.

Magharibi hesabu ni nyingine kabisa. Vijiji kama Waterford, kilichoanzishwa na Wakristo wa dhehebu la Quaker mwaka 1733 hivi, vina shule ndogo ambazo kila bajeti ikibana hutajwa kwanza kwenye orodha ya kufungwa. Middleburg ilijiokoa mwaka 2014, Hillsboro mwaka 2016: shule zao za msingi zilibaki za umma, ila zikaanza kuendeshwa kwa mkataba maalumu na bodi, wazazi na wanakijiji wakibeba sehemu ya mzigo.

Kuna waliobeba mzigo mzito zaidi. Enzi za ubaguzi wa rangi, wazazi Weusi wa Loudoun walichanga wakanunua kiwanja mjini Leesburg, kisha wakaiuzia kaunti kwa dola 1 ili watoto wao wajengewe sekondari. Shule ya Douglass ilifunguliwa mwaka 1941, na hata baada ya hapo wazazi hao waliendelea kuchangia samani na vifaa. Ubaguzi wa shule ulidumu hadi mahakama ilipoamuru ukomeshwe, na Douglass ikafungwa kama sekondari mwaka 1968. Viongozi wa kaunti na wa elimu waliomba radhi hadharani mwaka 2020.

Bodi ya sasa ina wajumbe 9 wa kuchaguliwa. Mwaka 2021 mikutano yake ilijaa kelele hadi kamera za nchi nzima zikahamia huko. Hata hivyo bodi haina mamlaka ya kutoza kodi. Huandaa bajeti, kisha huipeleka kwa halmashauri ya kaunti, ambayo ndiyo yenye mfuko.

Na mfuko huo hujazwa kwa kiasi kikubwa na vituo vya data vya Ashburn, majengo makubwa ya kompyuta yanayopitisha sehemu kubwa ya intaneti ya dunia. Jengo la namna hiyo halileti mtoto darasani, ila kodi ya mitambo yake inalipa mishahara ya walimu. Wataalamu wa fedha wa kaunti wameshaonya kuhusu kutegemea mno sekta moja, huku wakazi wakilalamikia kelele za mitambo na nyaya za umeme. Machi 2025 halmashauri iliondoa ruhusa ya moja kwa moja ya kujenga vituo hivyo. Maombi mapya sasa lazima yapite kwenye vikao vya hadhara.