Nguruwe mwenye upungufu wa damu: je, damu imepungua kweli?

Jina linatudanganya kidogo. Ukisikia nguruwe ana "upungufu wa damu", unadhani mishipa yake iko nusu tupu. Kumbe kama hajavuja damu, mara nyingi kiasi chake ni kile kile au karibu. Kilichopungua ni chembe nyekundu zinazobeba oksijeni.

Inapimwaje?

Kuchinja na kukinga kwenye ndoo hakutoshi, maana damu nyingine hubaki mwilini. Njia moja ni kutumia rangi ya bluu iitwayo Evans blue. Anadungwa kiasi kinachojulikana, inaachwa dakika kadhaa ichanganyike, kisha inatolewa damu kidogo. Rangi hukaa kwenye majimaji ya damu, yaani plazima. Plazima ikiwa nyingi, rangi inafifia.

Tupige hesabu ya mfano

Nguruwe mwenye afya, kilo 15, kadungwa miligramu 6 za rangi. Kila mililita ya plazima ikikutwa na miligramu 0.01, basi plazima ni mililita 600. Chembe nyekundu zikiwa asilimia 40 ya damu, damu yote ni lita 1.

Mwenzake mgonjwa, uzito ule ule, anakutwa na miligramu 0.0075. Plazima yake ni mililita 800. Chembe nyekundu ni asilimia 20 tu. Damu yote? Lita 1 vile vile!

Tofauti ni kwamba wa kwanza ana mililita 400 za chembe nyekundu, wa pili 200. Mwili umejaza pengo kwa plazima, damu imekuwa nyepesi.

Mfugaji afanye nini?

Mtoto wa nguruwe huzaliwa na akiba ya madini ya chuma ya miligramu 50 hivi. Anahitaji kama 7 kwa siku, na maziwa ya mama humpa 1 tu. Akiba inaisha baada ya wiki moja hivi. Akiwa kwenye sakafu ya zege, hata udongo wenye chuma haupati.

Ndiyo maana huchomwa sindano ya chuma, kwa kawaida miligramu 200, siku chache baada ya kuzaliwa, mara nyingi siku ya 3. Usisubiri masikio yapauke na aanze kuhema. Dozi muulize daktari wa mifugo, maana chuma kikizidi ni sumu.