Desemba ya mshona mifarishi

Nchini Marekani, kipindi kinachoanza na Sikukuu ya Shukrani, yaani Alhamisi ya nne ya Novemba, hadi Krismasi, ndicho kinachomwelemea zaidi mshonaji wa mifarishi ya viraka, kwa kuwa mifarishi mingi huahidiwa kama zawadi za sikukuu. Mfarishi wa namna hii una matabaka matatu: juu viraka vilivyoungwa kwa ruwaza, katikati pamba, na chini kitambaa kizima; matabaka hayo hushikizwa kwa bandi, yaani mishono ya kupita juu na chini, kisha kingo zote hufungwa kwa utepe.

Kuunga viraka, kazi inayosifiwa kuliko zote, si lazima kuchukue muda mrefu, hasa kwa ruwaza ya nyumba ya magogo, ambamo vipande vyembamba huuzunguka mraba wa kati, kwa desturi mwekundu, unaowakilisha meko. Kinachochelewesha ni kupiga bandi, maana mfarishi wa kitanda ni mzito kuusukuma chini ya cherehani ya kawaida, na mafundi wenye mashine kubwa huwa wameelemewa na oda. Isitoshe, meza ya kukatia vitambaa ndiyo ya kulia chakula, hivyo wageni wakiingia kazi hukunjwa, pini zikihesabiwa kwa makini kwa ajili ya watoto (na miguu ya watu wazima), na utepe wa ukingo humaliziwa kwa mkono usiku, wengine wakiwa wamelala.