Neno "Mpangilio" na Hesabu ya Mchemraba wa Rubik

Kusudi la makala haya ni kuchungua neno moja, mpangilio, kwa njia ya hesabu. Waandishi wa vitabu vya hesabu na wa sarufi hulitumia sana, na kila mmoja hudhani kwamba maana yake ni wazi. Nitajaribu kuonyesha kwamba neno hilo hubeba maana tatu, na kwamba kila maana huzaa jumla yake.

Mfano wetu ni mchemraba uliobuniwa mwaka 1974 na Ernő Rubik, mwalimu wa usanifu mjini Budapest, nchini Hungaria, ukaenea katika nchi nyingine tangu mwaka 1980. Una nyuso sita zenye rangi sita, nao umegawanyika katika matabaka yanayozunguka. Vipande vya katikati ya nyuso havihami. Vinavyohama ni vipande vinane vya pembe, kila kimoja chenye rangi tatu, na vipande kumi na viwili vya ukingo, kila kimoja chenye rangi mbili. Mipangilio yote ipatikanayo kwa kuuzungusha ni 43,252,003,274,489,856,000. Idadi hiyo ni kubwa mno kwa kusudi letu. Basi na tuchukue mchemraba ambao matabaka mawili ya chini yamekwisha kutengenezwa, likasalia la juu peke yake. Hapo vipande visivyo na makao ya hakika ni vinane tu: pembe nne na kingo nne.

Katika maana ya kwanza, mpangilio ni kila namna ambayo vipande vyaweza kutiwa kwa mkono. Tuseme mtu amevichomoa vyote vinane na kuvirudisha apendavyo. Pembe ya kwanza ina mahali pane pa kukaa, ya pili patatu, ya tatu pawili, ya mwisho pamoja, jumla 24. Kingo nazo ni 24. Tena kila pembe, hapo ilipo, yaweza kugeuzwa kwa mikao mitatu, na nne zote kwa 81. Kila ukingo una mikao miwili, na zote nne 16. Tukizidisha 24 × 24 × 81 × 16 twapata 746,496.

Katika maana ya pili, mpangilio ni ule tu uwezao kufikiwa kwa kuzungusha, bila kuvunja kitu. Hapa sheria za mchemraba huingia. Kila robo ya mzunguko huhamisha pembe nne na kingo nne kwa duara. Kuhamisha vitu vinne kwa duara ni sawa na kubadilisha vitu viwili viwili mara tatu. Kwa hiyo pembe na kingo pamoja hufanya mabadilishano sita, nayo ni shufwa. Shufwa ikiongezwa shufwa haizai witiri. Ndiyo sababu vipande viwili haviwezi kamwe kubadilishana mahali na vingine vyote vikatulia. Sheria hii hukata jumla nusu. Ya pili ni kwamba mikao ya pembe tatu ikijulikana, wa pembe ya nne umekwisha kuamuliwa. Jumla hugawanywa kwa tatu. Ya tatu huzifunga kingo vivyo hivyo, nayo hugawanya kwa mbili. Mbili mara tatu mara mbili ni 12, na 746,496 ikigawanywa kwa 12 ni 62,208. Basi aliyevirudisha vipande bila kuangalia ana bahati moja tu katika 12. Vinginevyo atazungusha hata kiyama asiufumbue.

Katika maana ya tatu, mipangilio inayotofautiana kwa kuzungusha tabaka la juu tu huhesabiwa kuwa mmoja. Kila mpangilio una wenzake watatu wa namna hiyo. Kwa hiyo twagawanya kwa nne, nayo jumla ni 15,552.

Mwanafunzi wa sarufi asidhani kwamba jambo hili halimhusu. Tutazame neno tu-li-ki-vunj-a. Sehemu zake tano zaweza kufuatana kwa namna 120. Tukishika sauti peke yake, sarufi yakubali nne: tulikivunja, kilituvunja, tukilivunja na likituvunja. Tukishika kwamba li ni ya wakati uliopita na ki ni ya ngeli ya kiti, zasalia mbili za kwanza. Tukishika pia nani mtenda na nani mtendwa, yasalia moja.

Naona yafaa, basi, tutenge maneno. Mahali pawe pale kipande kilipo, na mkao uwe jinsi kilivyogeuka hapo. Mpango uwe kila namna iwezayo kuwazwa. Mpangilio uwe ule unaoruhusiwa na sheria. Na aina iwe kundi la mipangilio tunayoihesabu kuwa mmoja. Maneno haya yote tunayo tangu zamani. Lililobaki ni kuyawekea mipaka. Pasipo mipaka hiyo, mwanafunzi aulizwaye "Kuna mipangilio mingapi?" naye akajibu 746,496 atasahihishwa kwa wino mwekundu, hali hesabu yake ni sawa na kosa ni la swali.