Dawa Imo Mtini, Lakini Mti Si Dawa

Juma hili nimepata barua ya kijana mmoja wa Temeke. Nimeona si vema kuijibu kwa siri, maana swali lake si lake peke yake.

Baba yake ana uvimbe shingoni, upande wa kulia. Ulianza kama punje ya hindi, hauumi, na sasa umefikia ukubwa wa ndimu. Sauti yake imekwaruza kwa miezi kadhaa na chakula hakishuki ila kwa kusukumwa na maji. Hospitali walikata kinyama, wakakipima, wakasema ni saratani ya koo, na wakamtaka aanze matibabu. Lakini baba mkubwa ameleta mfuko wa mizizi na magome, na amesema neno ambalo kijana ameshindwa kulijibu: "Hizo dawa za hospitali nazo zimetoka kwenye miti. Kwa nini tusinywe mti wenyewe?"

Kijana anauliza: "Mzee, baba mkubwa anasema kweli au uongo?"

Nianze kwa kumtendea haki huyo baba mkubwa. Nusu ya kwanza ya maneno yake ni kweli tupu. Wengi wetu tunalijua lile ua dogo liitwalo vinka, lenye petali tano, jeupe au la rangi ya waridi, linaloota kando ya baraza na makaburini. Asili yake ni Madagaska. Kule Jamaika watu walikuwa wakichemsha majani yake na kuyanywa kwa ugonjwa wa kisukari. Katika miaka ya 1950 majani hayo yalifika Kanada, na watafiti Robert Noble na Charles Beer wakayajaribu kwa panya. Sukari haikushuka. Kilichoshuka ni chembe nyeupe za damu. Hapo wakang'amua kwamba ndani ya majani mna kitu kinachozuia chembe hai zisizaliane, na saratani ni nini kama si chembe hai zinazozaliana bila breki?

Kutokana na ua hilo zilipatikana dawa mbili, vinblastini na vinkristini. Hiyo ya pili ndiyo mojawapo ya dawa zinazotibu ule uvimbe wa taya kwa watoto, ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Kampala. Ule si saratani ya koo, ni saratani ya tezi, lakini watoto wengi waliopona wanadaiwa shukrani na ua la kando ya baraza.

Sasa tuje kwenye koo lenyewe. Mwaka 1962 magome ya mti mmoja wa misitu ya baridi, upande wa magharibi wa Marekani, yalikusanywa ili yachunguzwe. Jina lake la kitaalamu ni Taxus brevifolia. Watafiti Monroe Wall na Mansukh Wani walitoa humo kitu kilichokuja kuitwa paklitakseli, na mwaka 1971 wakatangaza umbo lake. Tatizo likawa mti wenyewe. Mti uliokua miaka mia moja ulitoa kiasi cha dozi moja tu ya mgonjwa, na ukiubambua magome unakufa. Ufaransa, Pierre Potier na wenzake wakapata njia nyingine. Walichuma majani ya mti wa ukoo huohuo unaoota Ulaya, ambayo yakichumwa huota tena, wakachukua kilichomo na kukikamilisha katika maabara. Ikapatikana dosetakseli.

Dawa hizi hufanyaje kazi? Chembe hai inapotaka kugawanyika mara mbili, hujenga ndani yake nyuzi nyembamba za kuvuta urithi wake, nusu huku na nusu kule. Kazi ikiisha, nyuzi hubomolewa. Fikiria mafundi wanaojenga ghorofa kwa jukwaa la mirunda. Vinkristini huwazuia mafundi wasisimamishe jukwaa. Dosetakseli huacha jukwaa lisimame, kisha hukataza lisibomolewe. Kwa njia zote mbili nyumba haimaliziki, na chembe ya saratani hufa katikati ya kazi. Lakini nywele, utumbo na uboho wa mifupa navyo huzaliana upesi. Ndiyo maana mgonjwa hunyonyoka nywele, huharisha, na damu yake hupungukiwa na askari wa kinga. Dawa hizi ni sumu, tena sumu inayopimwa kwa miligramu.

Je, husaidia? Mwaka 2007 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililohusu wagonjwa 501 wa saratani za kichwa na shingo zilizokwisha kusogea mbele. Wote walipewa sisplatini, ambayo haitokani na mmea bali na madini ya platini, pamoja na dawa nyingine iitwayo fluorourasili. Nusu yao waliongezewa dosetakseli. Baadaye wote walipangiwa mionzi. Baada ya miaka mitatu, kati ya kila 100 walioongezewa, 62 walikuwa hai. Katika kundi jingine walikuwa 48. Watu 14 zaidi katika kila mia si jambo dogo kwa familia zao. Lakini tazama vizuri: dawa ya mti ilifanya kazi ikiwa pamoja na dawa ya madini na mashine ya mionzi. Haikwenda vitani peke yake. Tena si kila mgonjwa anayeihitaji. Kwa wengi tiba kubwa bado ni upasuaji na mionzi, na madaktari wa saratani ndio wanaoamua nani aongezewe nini.

Basi nusu ya pili ya maneno ya baba mkubwa, kwamba tunywe mti wenyewe, tuipime.

Kwanza, kipimo. Tani nzima ya majani makavu ya vinka hutoa gramu chache tu za vinkristini. Humo kwenye majani mna vitu vingine kadha wa kadha, vingine vyenye kudhuru. Anayechemsha sufuria hajui ametoa kiasi gani cha kipi, na sufuria ya leo si sawa na ya kesho.

Pili, njia ya kufika. Dosetakseli huingizwa kwenye mshipa kwa sababu ikinywewa utumbo huipitisha kidogo mno. Vivyo hivyo manjano yetu ya jikoni. Ni kweli kwamba kilichomo, kurkumini, kimeua chembe za saratani ya kinywa na koo katika visahani vya maabara. Habari hiyo husomwa sana, na watu hukimbilia sokoni. Lakini hata sabuni huua chembe hizo kwenye kisahani! Kurkumini ikiliwa, inayofika katika damu ni kidogo sana. Watafiti wanatafuta namna ya kuivusha, na kazi hiyo haijaisha. Manjano yabaki kwenye mchuzi, ambako yamejipatia heshima yake siku nyingi.

Tatu, subira ya kupima. Hapa nina kisa cha kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1972 mtafiti wa Marekani, Morris Kupchan, alitangaza kitu kikali kiitwacho maitansini, kilichotoka katika mmea wa Ethiopia. Mmea wa jamaa yake, Maytenus buchananii, unaota katika vilima vya Shimba, nyuma ya Kwale. Mwaka 1976 zilivunwa huko tani zipatazo 27 kwa ajili ya taasisi ya saratani ya Marekani, ili kipatikane kiasi ambacho kingeenea viganjani. Kikajaribiwa kwa wagonjwa. Kikawa sumu kali mno, na faida haikuonekana. Kikawekwa kabatini.

Lakini wataalamu hawakukitupa. Walikifunga kwenye kingamwili, mfano wa kuitia sumu katika bahasha yenye anwani, ili iende kwenye chembe ya saratani na kufunguka humo. Mwaka 2013 dawa ya namna hiyo ilikubaliwa Marekani kwa aina moja ya saratani ya matiti. Hesabu mwenyewe, ni miaka 41. Kama kitu kilekile kilichotolewa tani kwa tani, kikasafishwa na kupimwa, kiliumiza bila kuponya mpaka kipatiwe bahasha, mfuko wa baba mkubwa umepita mtihani gani?

Nisieleweke vibaya. Siwadharau wenye elimu ya miti. Hapa Muhimbili uchunguzi wa dawa za asili ulianzishwa tangu mwaka 1974, na kazi yake ni kuuliza maswali hayohayo. Ninachokataa ni lile neno "ni ya asili, haina madhara". Tumbaku nayo ni ya asili. Popoo inayotafunwa katika tambuu ni ya asili, na mwaka 2003 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliihesabu kuwa inaleta saratani hata bila tumbaku. Sigara na pombe kali vikikutana koo moja, hatari yake huzidishana. Mti mmoja hulea ugonjwa, mwingine huusaidia kutibu, na yote ni miti.

Nilikuwa na rafiki, fundi seremala, aliyeota kidonda pembeni ya ulimi. Alikunywa mizizi miezi minane. Alipofika hospitali, ulimi ulikuwa haugeuki. Daktari hakumkaripia. Alimwambia tu, "Ungekuja ulipokuwa kidonda." Tulimzika kabla ya mwaka kwisha. Mizizi ile huenda haikumdhuru hata kidogo. Kilichomuua ni ile miezi minane.

Kwa hiyo, mwanangu wa Temeke, mwambie baba mkubwa kwa adabu kwamba amesema kweli nusu. Baba aende kesho akaanze matibabu, na baba mkubwa amsindikize, maana mgonjwa huhitaji bega la ndugu. Ule mfuko mwende nao, mumwonyeshe daktari. Usifichwe. Dosetakseli huvunjwavunjwa na ini, na miti mingine huweza kuliharakisha au kulichelewesha ini, dawa ikapungua nguvu au ikazidi kuwa sumu.

Nanyi wengine mnaonisikiliza, kidonda cha kinywani kisichopona wiki tatu, sauti iliyokwaruza muda huohuo, uvimbe wa shingo usiouma, au tonge lisiloshuka, visisubiri juma lijalo. Mimi ndiye nitakayewasubiri juma lijalo, Mungu akipenda. Kwaherini.