Mtoto "Asiyesumbua" Atazamwe Vizuri



Mvua ikianza na majani chai kuwa mengi, akina mama hutoka nyumbani alfajiri. Mtoto mdogo anaachiwa dada yake wa miaka minane, ambaye naye anakosa shule. Ndiyo sababu vikundi vingi vimeanzisha vituo vya kulelea watoto, na hiyo ni kazi nzuri sana. Lakini tukivitembelea tunasikia sifa ile ile: "Mlezi wetu ni hodari, watoto wake wananyamaza kabisa!"

Sisi huuliza, mtoto wa mwaka mmoja ananyamaza kwa nini?

Miaka mitatu ya kwanza ubongo wa mtoto hukua mbio kuliko wakati mwingine wowote, na hukua kwa kutumiwa. Mtoto akisema "ba-ba-ba", anangoja ajibiwe. Akipewa uji, asikie "kikombe", "moto", "ngoja upoe". Akiachwa atambae mkekani, mgongo na miguu hupata nguvu. Aliyefungwa mgongoni tangu asubuhi hadi jioni hapati hayo, hata kama ameshiba.

Kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto kina ukurasa wa hatua za ukuaji, lakini wengi wetu hufungua ule wa chanjo na kilo tu. Mtoto hutabasamu akichekewa kati ya mwezi mmoja na miwili. Huketi bila kushikwa kati ya miezi 5 na 9, hutembea kati ya 12 na 18, na huanza kusema maneno kati ya 9 na 24. Mnaona nafasi ni kubwa. Kwa hivyo mama ambaye mtoto wake hajatembea miezi 14 asichekwe na majirani. Akipita 18 bado, waende kliniki. Na mtoto aliyekuwa akisema halafu akaacha, huyo msingoje hata mwezi.

Jambo hili tulilijua kwa uchungu. Katika kikundi kimoja tulichokuwa tukisaidia kulikuwa na msichana aliyesifiwa na wote kwa upole. Halii, hagombani, ukimweka mahali anakaa. Hata sisi tulimsifu. Alikuwa amepita miaka miwili wakati mlezi mpya, mama ambaye hakusoma sana, alipoangusha sufuria nyuma yake. Watoto wote waliruka, yeye hakugeuka. Kumbe masikio yalikuwa yakitoa usaha tangu akiwa mchanga, na nyumbani yalipanguswa tu na kitambaa. Alitibiwa, kisha akapelekwa kupimwa katika kituo cha EARC, vile vituo vya kupima watoto wenye ulemavu vilivyoanzishwa nchini mwaka wa 1984. Sasa anafundishwa, lakini miaka miwili ya maneno ilikuwa imempita, na tulikuwa tukimwona kila Jumanne.

Basi kituo kifanye nini? Vitu vya kuchezea si shida: chupa yenye mbegu za mahindi (kifuniko kikazwe sana, mbegu hukaba koo), vibao vilivyolainishwa, mpira wa matambara. Shida ni mlezi mmoja kuachiwa watoto kumi na watano wachanga. Hapo hawezi kuongea na yeyote, atawanyamazisha tu. Afadhali kikundi kichange pesa za mlezi wa pili kabla ya kununua rangi ya ukuta. Katiba ya 2010 iliweka vituo vya kulelea watoto chini ya kaunti, kwa hivyo mna haki ya kwenda kuuliza msaada, ila msikae mkingoja.

Tena kuwe na daftari, kila mtoto na ukurasa wake. Mama akija jioni mlezi asimwambie tu "alikuwa mzuri". Amweleze: leo amesimama akishika kiti, leo nimemwita mara tatu hakugeuka. Na mwenye usaha sikioni aende hospitali wiki hiyo hiyo.