Mtoto wa kulea akigeuka mchumba: mwisho wa manga uliotugawa Kisangani

KISANGANI – Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni katika mtaa wetu wa Kabondo, na simu ya binamu yangu ilibakiza asilimia tisa tu. Alikataa kuizima. Alikuwa kwenye kitabu cha tisa cha "Un drôle de père", tafsiri ya Kifaransa ya manga ya Kijapani iitwayo Usagi Drop, na alitaka kujua mwisho wake usiku ule ule. Chaji ilipofika asilimia nne, alimaliza. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Yaya, huyu si ndiye baba yake?"

Kwa msomaji asiyeijua hadithi hiyo, ni kazi ya mwandishi na mchoraji Yumi Unita, iliyotoka katika gazeti la Feel Young la Tokyo kuanzia mwaka 2005 hadi 2011. Daikichi, mwanaume wa miaka 30 asiye na mke, anakwenda kwenye matanga ya babu yake. Huko anamkuta Rin, msichana wa miaka sita, ambaye inasemekana babu alimzaa nje ya ndoa. Jamaa wanakaa kujadili nani amchukue. Kila mmoja ana sababu yake ya kukataa, na wengine wanataka apelekwe kwenye nyumba ya yatima. Daikichi anakasirika, anamwita mtoto na kwenda naye nyumbani.

Kikao hicho cha matanga hakihitaji maelezo marefu kwa mtu wa Kisangani. Tumekiona. Mimi nilikuwa na miaka saba wakubwa walipokaa kwenye viti vya kukodi, mtungi wa maji katikati, wakinijadili mimi na wadogo zangu wawili kana kwamba hatukuwapo. Baba mdogo ndiye aliyesimama. Alikuwa bado kijana, amepanga chumba kimoja, akiendesha baiskeli ya toleka kutafuta chakula cha siku. Binamu anayesoma manga usiku ni mwanaye wa kwanza, aliyezaliwa baadaye.

Kwa hiyo vitabu vinne vya kwanza tulivisoma kama habari za nyumbani. Daikichi anaomba kuhamishwa idara kazini ili asibaki ofisini hadi usiku, maana lazima amchukue Rin shuleni kwa saa. Anajifunza kumtafutia nguo na kumuuguza akipata homa. Hakuna bunduki, hakuna mashetani, ni mtu anayejifunza kuwa mzazi. Binamu yangu, ambaye kwa kawaida anataka hadithi zenye mapenzi, alivumilia kwa sababu aliona kwamba mapenzi yatakuja kwa njia nyingine: kuna Yukari, mama wa rafiki yake Rin, anayelea peke yake. Kila msomaji anawaombea wawili hao waoane.

Kitabu cha tano kinaruka miaka kumi. Rin sasa ni msichana wa sekondari, Daikichi amefikia 40. Yukari anaolewa na mwanaume mwingine. Polepole Rin anagundua kwamba anampenda Daikichi, na si kama mzazi. Kisha mama yake mzazi anamwambia kwamba hana uhusiano wa damu na yule mzee, hivyo wala na Daikichi. Daikichi anasitasita na kumwambia asubiri amalize shule kwanza. Anamaliza, na msimamo wake ni ule ule. Hapo ndipo wasomaji wengi duniani walipokitupa kitabu, na hadi leo jina la Usagi Drop likitajwa, mtu hukosi kumsikia akikushauri uishie kitabu cha nne.

Niwe mkweli: wapo wanaoutetea mwisho huo, na hoja zao si za kipuuzi. Wanasema anayechagua ni Rin. Wanasema damu haipo, na mwandishi hakumficha mtu, maana aliionyesha njia hiyo mapema katika nusu ya pili. Mimi hoja ya damu ndiyo inayonichosha zaidi. Vitabu vinne vizima vimetufundisha kwamba ulezi si damu, ni kuamka alfajiri kumwandaa mtoto. Halafu mwishoni tunaambiwa damu ndiyo iliyokuwa kizuizi pekee?

Baba mdogo alitusikia tukibishana gizani akaomba asimuliwe. Alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza, jambo lisilo kawaida yake. Hakuuliza kuhusu dhambi wala sheria. Aliuliza kama siku ya mahari yule bwana angejilipa mwenyewe, maana ndiye mchumba na ndiye baba wa binti. Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta.

Baada ya kicheko alikaa kimya, na mimi pia. Sijawahi kumwambia kwamba nilipokuwa na miaka 15 kulikuwa na watu mtaani walionong'ona kuhusu kijana anayeishi na binti wa marehemu kaka yake. Nadhani anajua. Mwisho wa hadithi ile uliniudhi kwa sababu uliwapa haki wale waliokuwa wakinong'ona.

Wapenzi wa manga wamezoea kuudhika, bila shaka. Mashabiki wa "The Quintessential Quintuplets" ya Negi Haruba, iliyotoka kati ya 2017 na 2020 katika vitabu 14, walijua tangu sura ya kwanza kwamba shujaa atamwoa mmoja wa mabinti watano pacha. Jina la Yotsuba lilipotajwa, walioshabikia wale wanne wengine walinuna. Taishi Tsutsui, mwandishi wa "We Never Learn", alitafuta njia ya kukwepa lawama: aliandika miisho mitano, kila binti na wake. Kwangu huo ni ujanja wa mfanyabiashara anayemwambia kila mteja kwamba bei hii ni yako peke yako. Na kuna "Nana" ya Ai Yazawa, iliyoanza mwaka 2000 na kusimama mwaka 2009 mwandishi alipougua. Hiyo haina mwisho wa kulaumu.

Sehemu ya tatizo iko katika namna kazi hizi zinavyotengenezwa. Manga nyingi hutoka sura moja moja gazetini, kila wiki au kila mwezi. Katika magazeti makubwa kama Shonen Jump, wasomaji hupiga kura kwa kadi, na hadithi isiyopendwa hukatwa. Inayopendwa huendelea. Mchoraji anaanza safari bila kujua kama itakuwa ya miezi sita au ya miaka kumi.

Linganisha na mtoto wa mji huu, Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959 na kuwa mmoja wa wachoraji wa katuni wanaojulikana zaidi Afrika. "Madame Livingstone", aliyoichora kwa maandishi ya Christophe Cassiau-Haurie na kutolewa mwaka 2014, ni hadithi ya vita vya kwanza vya dunia kwenye Ziwa Tanganyika, na inaanza na kuisha ndani ya kitabu kimoja. Waandishi wa kitabu kimoja wanaweza kujua ukurasa wa mwisho kabla ya kuchora wa kwanza. Unaweza kutoupenda, lakini hutausubiri miaka sita.

Wala hutanunua mega kila wiki kwa ajili yake. Binamu alikusanya vitabu vile tisa kidogo kidogo, vingine kutoka simu ya rafiki yake wa chuo anayeishi ng'ambo ya mto, Lubunga.

Umeme uliporudi siku ya pili mchana, alichaji simu na kufungua faili. Alifuta kitabu cha tano, cha sita, hadi cha tisa. Vinne vya kwanza amevibakiza, na Jumapili iliyopita nilimkuta uani akimwonyesha baba mdogo ukurasa ambao Daikichi anakimbia kumwahi Rin shuleni. Baba mdogo hajui kusoma manga kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo alikuwa akiiona hadithi ikienda kinyumenyume, na hakutaka kusahihishwa.