Mtazame Aliyebeba Sinia

Ni usiku wa kiangazi, joto halivumiliki, na bado kwa akina Adams mgeni ameletewa supu ya moto. Alice, anayeigizwa na Katharine Hepburn, amemwalika kijana wa watu wenye nazo. Ili asigundue kwamba mifuko imetoboka, familia imekodi mtumishi wa usiku huo mmoja tu: Malena, mwanamke Mweusi. Anaingia na sinia huku anatafuna chingamu, kikofia kinamteleza kichwani. Mama mwenye nyumba anatabasamu kwa taabu.

Filamu ni Alice Adams ya mwaka 1935, na Malena ni Hattie McDaniel. Unacheka, huna budi, maana McDaniel anajua kuchekesha. Ila angalia kicheko kinamwangukia nani. Alice anaigiza utajiri, anahurumiwa, na mwisho anapata mchumba. Fukara halisi mle ndani ni Malena, na hakuna anayeuliza kama naye ana mtu anayemsubiri kwake.

Miaka ile uchumi wa Marekani ulikuwa umeporomoka, na Hollywood ilishiba vichekesho vya mapenzi kati ya aliye nacho na asiye nacho. Katika It Happened One Night (1934), mwandishi wa habari aliyefukuzwa kazi anakutana na binti wa milionea ndani ya basi. Katika My Man Godfrey (1936), mzururaji anaokotwa jalalani, anaajiriwa boi kwa matajiri, na binti wa nyumba anamzimikia. Kumbe Godfrey mwenyewe ni mtoto wa ukoo mkubwa wa Boston! Tulidhani tunaona ukuta ukivunjwa. Lilikuwa pazia tu.

Ukuta wenyewe uliandikwa kwenye karatasi. Kanuni za maadili za Hollywood, zilizoanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, zilikataza mapenzi kati ya Mweupe na Mweusi kuonyeshwa. Kwa hiyo katika Sabrina (1954) binti wa dereva anaweza kuwapagawisha watoto wawili wa bosi, mradi dereva huyo ni Mweupe. Binti wa mpishi Mweusi hata kuota asingeruhusiwa.

McDaniel alikuwa Mweusi wa kwanza kupata Oscar, Februari 29, 1940, kwa Gone with the Wind, akiigiza mtumishi tena. Usiku huo, hotelini Los Angeles, alikalishwa meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu.

Mwaka 1974, mbeba sinia alipata hadithi yake mwenyewe. Katika Claudine, Diahann Carroll ni mama wa watoto sita wa Harlem anayefanya kazi za ndani kwa Wazungu. Anapendana na mzoa taka, James Earl Jones, ambaye sauti yake wengi wetu tunaijua kwa Mufasa wa The Lion King. Kikwazo chao si baba tajiri mwenye hasira. Ni afisa ustawi wa jamii: akibisha hodi, vyombo vizuri vinafichwa mbio, kwani kila nafuu ikionekana, msaada wa serikali unapunguzwa.

Akina Adams walikodi mtumishi wafiche umaskini. Claudine, mtumishi mwenyewe, anaficha kile kidogo alichopata.